Shavu la Kulia la Namba Kumi na Nne

4 Februari

Sisimizi wangu, mke mwenzangu,

Usinipigie simu tena kuniuliza habari za jino. Simu ikikatika, maneno yamepotea. Barua nikitaka naisikia mara tatu, na Fundi wa cherehani wa chumba cha pili ana macho mazima na hana haraka. Ndiye anayeniandikia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe kama bibi harusi.

(Naandika anavyosema. — Fundi)

Umeona? Ameshaanza kujichomeka.

Jino limeng'olewa, gego la chini kushoto, lilikuwa limeoza hadi mzizini. Lakini jino si habari. Habari ni mashine. Wanakusimamisha wima, unauma kijiti kwa meno ya mbele, kidevu unakiegemeza kwenye kibao, halafu chuma kinakuzunguka kichwa polepole kama nzi anayetafuta pa kutua. Nesi anakimbilia nyuma ya ukuta. Nikamwambia, "Kama ni salama, mbona unakimbia?" Akasema, "Mama, wewe unapigwa mara moja. Mimi niko hapa kila siku." Jibu zuri, nikalikubali. Picha ilipotoka nikayaona meno yangu yote yamepangwa mstari yanacheka, na mimi wala sikuwa nimecheka.

Kabla ya kupigwa aliniambia kuna utafiti, wanataka kujua ile eksirei inafanya nini kwenye mashavu kwa ndani. Nikauliza utafiti wa nani. Akataja chuo chako. Nikamwambia, "Basi nikwangue hata kisogo." Akanisomea maswali kwenye karatasi mbiombio, nikajibu mbiombio, nikatia dole gumba. Nikasukutua maji, akaingiza kibrashi, akakwangua shavu la kulia na kupaka kwenye kipande cha kioo, kisha la kushoto, kioo kingine. Baada ya siku kumi nirudi akwangue tena. Amenipa kadi yenye namba na amenionya nisiwatajie watu wa maabara. Na wewe sikutajii.

Sasa nijibu. Seli ni kitu gani? Mnatafuta nini ndani yake? Mbona siku kumi, si kesho yake? Mimi ni dobi, miaka hamsini nimeshika pasi. Pasi ikipita juu ya kitambaa, hata isipounguza, kitambaa kinajua. Shavu je?

Bibi yako

*

12 Februari

Shikamoo Bibi. Shikamoo na wewe Fundi, na usiache kujichomeka.

Bibi, ungeniambia mapema ningekuzuia. Lakini najua kukuzuia ni kuzuia maji kwa kiganja.

Utafiti huo ni wangu, nina watu arobaini. Hapa maabara naona namba na upande tu: namba fulani, kulia, kabla ya picha, namba fulani, kushoto, baada ya picha. Majina anayo msimamizi wangu, ameyafungia kabatini. Ni makusudi. Nikijua kioo hiki ni cha Bibi yangu, jicho litakuonea huruma, nitaona mazuri matupu. Kwa hiyo namba yako usinitajie hata kwa utani.

Seli ni vyumba vidogo sana ambavyo mwili umejengwa kwavyo. Shavu ni ukuta wa vyumba hivyo, safu juu ya safu. Kila chumba kina kiini, na ndani ya kiini mna maagizo yote ya kuiendesha nyumba. Vyumba vya chini vinajigawa na kuzaa vipya, vipya vinasukumwa juu, vya juu vinabanduka. Safari ya kutoka chini hadi juu ni siku kumi hivi, au zaidi kidogo. Ndiyo sababu tunangoja: seli zilizokuwa chini siku ya picha ndizo tunazozikuta juu tukikwangua mara ya pili.

Tunatafuta mambo mawili. La kwanza, seli zilizokufa. Kiini chake kimesinyaa au kimepasuka vipande. La pili ndilo linaloniweka roho juu. Seli ikijigawa vibaya, kipande cha maagizo huachwa nje, kikajiviringa peke yake kando ya kiini kikubwa, kama kifungo kilichokatika kwenye shati. Tunaviita viini vidogo. Vikiwa vingi, kuna kitu kinaharibu maagizo. Ili tuvione, seli tunazitia rangi. Wewe umetoa madoa maisha yako yote, mimi nasomeshwa ili niyatie.

Mjukuu wako,
Sisimizi

*

24 Februari

Mke mwenzangu,

Barua yako Fundi amenisomea mara tatu, ya nne akajisomea mwenyewe akidhani nimesinzia.

Umesema seli za juu zinabanduka. Zinakwenda wapi? Niliwaza hilo huku napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, nikaunguza pembe. Maana mdomo hauna dirisha. Ndipo nikagundua: ninazimeza! Miaka sabini na ushei najila mashavu mwenyewe, na bado mnasema nimekonda. Fundi anasema ni kinyaa. Mimi naona ni kutotupa chakula.

Siku ya kumi nilikwenda, wamekwangua tena. Kidonda cha jino kilinitesa wiki nzima, lakini nina vya kujipozea.

Habari yako ya rangi imenifurahisha kuliko unavyojua. Mimi siri za mtaa mzima nilizijua kwa kola. Nilijua nani kaacha pombe na nani kasema kaacha. Mwalimu mkuu alikuwa analia, nikajua kabla ya mkewe, kwa jinsi alivyojifutia kwenye mkono mmoja tu wa shati, wa kushoto, kila wiki. Watu wanasema uongo, mwanangu. Nguo haiusemi. Doa halina adabu, halimwogopi mtu mzima. Kumbe kazi yetu ni moja, mimi na wewe.

Haya, hao watu arobaini wakoje ukiwatazama kwa ndani? Niambie vituko.

Bibi yako

*

15 Machi

Shikamoo Bibi,

Vituko umevitaka, kimoja ninacho. Kinanifanya nisahau kula.

Wengi wananiletea hadithi moja: siku ya kumi seli zilizokufa zimeongezeka kidogo, viini vidogo viko palepale. Halafu yuko namba kumi na nne. Shavu lake la kushoto ni safi kama shuka jipya. La kulia, Bibi, nilipoliweka chini ya hadubini nilidhani kioo kina vumbi. Viini vidogo kila pembe, na hiyo ni kabla hajapigwa picha! Baada ya picha vimekuwa mara mbili.

Mashine inazunguka kichwa kizima, haichagui upande. Kwa hiyo kulia kuna kitu kingine. Nimeomba majibu yake ya fomu, bila jina: tumbaku ya aina yoyote, hapana. Pombe, hapana. Nimekwama. Wenzangu wananitania kwamba namba kumi na nne ndiye mchumba wangu, maana nazungumza habari zake asubuhi mpaka jioni.

Utani kando, nina sababu mbili za kumtafuta. Moja, mtu mmoja kama huyu anatosha kuvuta hesabu ya wote, na eksirei ikasingiziwa kosa lisilo lake. Nyingine ni kubwa zaidi. Seli za namna ile si saratani, lakini huwa zinatanguliza salamu zake. Mtu huyo anatakiwa kuangaliwa shavu. Msimamizi ameiambia kliniki imwite.

Wewe uliyesoma kola za watu, kitu gani kinakaa upande mmoja tu?

Sisimizi

*

27 Machi

Sisimizi,

Barua imefika. Mimi mzima.

Kitu cha upande mmoja sikijui. Labda analalia upande huo. Labda ana jino linalomkwaruza. Mtu mzima ana mambo yake, muache. Una watu thelathini na tisa wengine, kwani hawakutoshi?

Mvua imenyesha, mashuka hayakauki.

Nina swali la jirani, si langu. Mtu akiwa na kitu anakiweka mdomoni miaka mingi halafu akakiacha, shavu linajiosha? Au doa likishaingia limeingia? Kuna madoa mimi nilikuwa nayaona tu nasema hili halitoki, nisiwadanganye wenyewe. Niambie lako ni la aina gani.

Bibi yako

(Barua hii fupi amenisimamisha mara nne. — Fundi)

*

9 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mwambie jirani kwamba shavu linajiosha sana kuliko nguo. Seli za juu zinaondoka, za chini zinapanda. Kama maagizo ya chini hayajaharibika mno, miezi michache ya kuacha inaleta tofauti ambayo hata mimi naiona kwenye kioo. Lakini kama ameshaona baka, hasa jeupe lisilofutika, asingoje kujiosha. Aende akaangaliwe wiki hiihii.

Mimi mambo yamenibana. Kliniki imemwita namba kumi na nne mara mbili, haji. Tarehe thelathini nasimama mbele ya jopo kueleza utafiti. Nilimwomba msimamizi tumtoe, akanikatalia: mtu hatolewi kwa sababu majibu yake hayakupendezi, anatolewa kwa sababu inayojulikana. Ana haki. Basi nitasimama na mtu nisiyemwelewa katikati ya hesabu, na yeye huko aliko anatembea na shavu lile. Ningemjua ningempigia magoti.

Jana nilikukumbuka. Nilikuwa nasoma kuhusu tumbaku na mdomo, nikaikumbuka siku uliyonikuta nyuma ya nyumba na kipisi cha sigara ya mjomba. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulinibana kichwa katikati ya magoti ukanisugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Hukusema hata neno moja, ndicho kilichonitisha. Tangu siku ile sijagusa. Sikuwahi kukushukuru. Asante, Bibi.

Sisimizi

*

21 Aprili

Bibi,

Bahasha imefika. Niliitikisa nikitafuta barua, hamna. Kitambaa tu cha mkononi, kimepigwa pasi mikunjo minne, na ndani yake kadi ya kliniki. Kumi na nne.

Nimeketi nayo mpaka mhudumu akaja kufunga maabara.

Sikugombezi. Fundi, tafadhali hapa soma taratibu. Bibi, nenda kliniki kesho. Ukitaka nije nikushike mkono, nitapanda gari siku hiyohiyo, jopo litanisubiri au lisinisubiri.

Nimemwambia msimamizi, maana sasa nakujua na sina ruhusa ya kukujua. Hakukasirika. Ameniuliza jambo moja ambalo na mimi nakuuliza: fomu inasema hapana. Nani aliandika hapana?

Kitambaa kinanukia. Ile harufu naijua, Bibi. Nilikuwa nadhani ni harufu ya kanga zako. Nilidhani bibi wote wananukia hivyo.

Sisimizi wako

*

25 Aprili

Sisimizi,

Andika Fundi, na usinitazame.

(Simtazami. — Fundi)

Ni ugoro. Nabwia tangu mama yako hajazaliwa. Nilikuwa nafua mashuka ya hospitali, harufu inanifuata mpaka kwenye sahani. Dobi mwenzangu akanipa wa ncha ya kidole, harufu ikafa. Nikauweka shavu la kulia kwa sababu la kushoto nilishikia pini za alama za nguo. Pini ziliisha zamani, ugoro ukabaki na chumba chake. Jino lilipong'olewa nikazidisha ili nipoze maumivu. Ndiyo hayo mara mbili yako.

Uliuliza nani aliandika hapana. Nesi alikuwa anasoma karatasi, akafika hapo, akanitazama hizi mvi, akaniona mtu wa heshima. Akasema, "Mama wewe huvuti, sivyo?" Sivuti. Sijawahi kuvuta hata siku moja. Akapiga hapana, akaendelea. Usimwonee, nilijua anachotafuta. Nilikuwa nimetoka kuutema pale mlangoni.

Kadi niliituma tupu kwa sababu maneno haya sikutaka yapite kwa Fundi. Miaka sita namficha. Kopo langu liko kwenye droo ya vifungo vyake, chini kabisa, nikijiona mjanja. Sasa hivi nimesema neno ugoro, nikamchungulia, anaendelea kuandika tu. Nikamuuliza, "We, ulijua?" Akasema, "Bibi, kwani nani hufunika lile kopo kila ukiliacha wazi?" Miaka sita, mwanamke huyu! Sijui nimkumbatie au nimtie pasi.

Na sabuni. Umenishukuru kwa sabuni, barua ikasomwa, nikaenda uani nikakaa juu ya beseni. Sikia sasa. Siku ile nilipokubana kichwa, ugoro ulikuwa shavuni mwangu. Unasema sikusema neno. Ningesemaje? Ningefungua mdomo ungemwagika juu ya kichwa chako. Ulidhani ni hasira imenibana midomo. Nilikuwa nakuosha wewe uchafu uliokuwa kwangu.

Naomba radhi. Haya, mtu mzima ameomba radhi, usilitangaze.

Baka lipo. Nalipapasa kwa ulimi tangu mwaka juzi. Maisha yangu yote nimetafuta weupe kwenye nguo za watu, na weupe wa kwanza ulio wangu mwenyewe ndio huo. Kesho nakwenda. Usije, simama mbele ya jopo lako. Fundi atanishika mkono, ni adhabu yake.

Sasa tuingie kazini. Kama mimi nimepenya, wengine wamepenya. Warudie wote. Lakini usiwaulize kama wanatumia. Hakuna mtu mzima atakayesema ndiyo mbele ya nesi mwenye umri wa mjukuu wake. Uliza kama mtu anayejua tayari, tena huku unaangalia pembeni: "Unaweka shavu gani, la kulia au la kushoto?" Mwenye nao atataja upande kabla hajakumbuka kusema uongo. Asiye nao atakushangaa, "Niweke nini?"

Bibi yako, kumi na nne

*

14 Mei

Shikamoo Bibi,

Jopo walikubali kunisogeza mbele wiki mbili, nikasimama jana. Kwanza kliniki iliwarudia watu wote kwa swali lako, neno kwa neno. Watano, Bibi! Watano zaidi yako, na karatasi zao zote zilisema hapana. Mzee mmoja alijibu, "Kushoto. Kulia pamechoka." Mama mmoja alitaja upande, akacheka mpaka nesi naye akacheka.

Tumewatoa sita wenye sababu inayojulikana. Kwa thelathini na wanne waliobaki, hadithi imenyooka: baada ya picha seli zilizokufa zinaongezeka kidogo, viini vidogo havikuongezeka kwa kiasi cha kusema. Kwa hiyo swali lako la kwanza nina jibu lake. Ndiyo, shavu linajua kwamba pasi imepita. Haliungui kwa mara moja, lakini linajua. Ndiyo maana picha ipigwe ikiwa na kazi, isipigwe kwa mazoea.

Mwanajopo mmoja aliuliza lile swali la shavu nimelitoa kitabu gani. Nikasema nimelitoa kwa dobi. Aliliandika.

Sasa na mimi nina langu. Barua yako ya wiki iliyopita imenieleza habari za Fundi, za mvua, za shuka la nyumba ya wageni lenye wino. Umesema walikukata kinyama kikapelekwa kupimwa. Basi, ukahamia kwenye wino. Majibu ya kinyama, Bibi?

Sisimizi

*

29 Mei

Mke mwenzangu,

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, na mimi na wewe tumeshaacha kudanganyana. Leo ninalo.

Walikata cha ukubwa wa punje ya mchele. Nilimwambia daktari anionyeshe, akanionyesha kwenye kichupa. Nikakiambia, "Wewe ndiye mchongezi." Leo ameniita. Fundi alikuwa kanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Si saratani. Akasema vilevile kwamba si salama: seli zimeanza kukosa adabu. Hayo maneno ni yangu, ya kwake yalikuwa marefu. Baka lote watalitoa mwezi ujao, kisha kila miezi mitatu nirudi aniangalie. Na ugoro basi. Nikamuuliza kama atanizungushia tena ile mashine. Akasema hakuna haja. Nikasema vizuri, maana nyumbani kwetu picha hupigwa ikiwa na kazi.

Nimefurahi kwa wale watano. Yule mzee wa "pamechoka" ningependa kumjua, lakini najua, majina yako kabatini.

Kopo nimempa Fundi, ametia vifungo vya mashati. Kila akilifungua anakuja kunitazama usoni kama askari.

(Ni kweli. — Fundi)

Sasa najua kuna kitu unataka kuniuliza na unaogopa kunivunjia heshima. Acha nijiulizie mwenyewe, kama nilivyokufundisha. Bibi, unaweka shavu gani? La kulia, leo siku ya ishirini na tisa tangu wanikate kinyama, sijaweka kitu. La kushoto, siku ya saba niliweka, nikapiga pasi mashuka manne, nikatema. Siku ya kumi na sita nikaweka tena, mashuka mawili. Fundi anaandika huku anatikisa kichwa, na atikise. Nakwambia leo kwa mdomo wangu, kwa sababu siku kumi zijazo shavu lingekwambia, na mara hii nataka nilitangulie.

Bibi yako